Kiti cha Dada Jasho

Aliyekuambia kwamba kazi ya ofisini ni kukaa kwenye kiti kinachozunguka, kupigwa na kiyoyozi na kunywa chai ya bure, alikudanganya mchana kweupe. Kimbau alianza kazi yake mpya Jumatatu, amevaa blauzi nyeupe iliyonyooka kwa pasi, na kabla hata chai yenyewe haijafika alikuwa ameshaingizwa katika chumba cha kunusia.

Chumba hakikuwa na dirisha. Wanaume wa umri mbalimbali walikaa kwenye benchi vifua wazi, kila mmoja ameinua mkono na kuuweka nyuma ya kichwa. Mbele yao walipita wanawake waliovaa makoti meupe, wanainama, wanapeleka pua kwapani, wananusa mara mbili tatu za harakaharaka, kisha wanatamka neno moja na kusonga kwa mwingine. Kitunguu. Soksi. Maziwa yaliyolala. Walitamka bila kukunja uso, kama mtu anayesoma bei za nyanya.

Kimbau alihisi chai aliyokunywa nyumbani ikitafuta njia ya kurudi. Lakini alijikaza kisabuni, akatabasamu, akasema maabara ni nzuri sana.

Mkurugenzi aliyemwajiri, mwanamke mnene mwenye subira fupi na viatu vya kelele, alimvuta pembeni akampa nasaha zake za mwanzo. Mameneja wa bidhaa wageni, alisema, wana ugonjwa mmoja: wanataka kubadilisha rangi ya chupa kabla hawajajua choo kiko wapi. Yeye alitaka Kimbau afanye kazi ya masikio kwanza. Akae na wakemia, akae na wauzaji, asikilize, aulize, asikilize tena. Mdomo ungepewa zamu yake baadaye, na miezi mitatu ya majaribio ikiisha wangejua kama amefaa au arudi alikotoka.

Kimbau alikubali kwa moyo wote. Alikotoka ni kwenye kampuni ya biskuti, ambako alikuwa msaidizi wa msaidizi, mtu wa kubeba sampuli na kucheka mizaha ya wakubwa. Sasa alikuwa amekabidhiwa bidhaa yake mwenyewe, dawa ya kupaka kwapani iliyokuwa imedorora madukani, na watu wa kufanya nao kazi, na mlango wenye kitasa. Kimbau ni jina la nyumbani, alilobandikwa na shangazi yake aliyemlea, kwa sababu alirefuka ghafla akabaki mwembamba kimbaumbau. Kazini alikuwa Meneja. Alilipenda neno hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mtu mmoja tu hakuifurahia kazi ile, naye ndiye mtu ambaye Kimbau alitaka afurahi kuliko wote. Mchumba wake alikuwa mtafiti wa masoko. Makampuni yalimtuma kwa wateja kuwauliza wanapenda nini na wanachukia nini, na yeye aliyarudishia majibu. Ni makampuni gani, hakuwahi kumtajia Kimbau; alisema ni siri ya kazi. Tangu Kimbau alipomwambia amepata kazi, uso wa Mtafiti ulikuwa umening'inia. Alisema kiwanda cha sabuni kitamletea kikohozi. Alisema amesikia yule Mkurugenzi ni moto wa kuotea mbali. Alisema kwenye kampuni ya maji wanatafuta mtu, kwa nini asijaribu huko.

Kimbau aliyachukua yote hayo kuwa mapenzi. Na utamlaumu vipi? Huyu ndiye mwanamume pekee maishani mwake aliyewahi kumsikiliza. Wengine walisubiri tu anyamaze ili waanze wao. Mtafiti alikuwa akiifunika simu kifudifudi, anageuka mzimamzima, anamtazama mpaka neno la mwisho, na kama neno la mwisho limechelewa analisubiri. Mbele ya macho yale Kimbau alikuwa amesema mambo ambayo hata shangazi yake hayajui. Jumamosi ya wiki hiyohiyo wazee wa Mtafiti walikuwa wanakuja nyumbani kukamilisha mazungumzo ya ndoa.

Sasa tuje kwenye kikao cha Alhamisi, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kimbau aliingia chumba cha mikutano amechelewa kidogo, akaona kiti kimoja kitupu katikati ya meza, chenye mto wa rangi ya waridi. Akakivuta akakaa. Chumba kizima kikamgeukia.

"Siyo hapo, Meneja," Mkemia alimwambia kwa upole. "Hapo pana mtu."

Kimbau akatazama nyuma yake, akatazama chini ya meza. Wote wakaangua kicheko, na Msanifu wa chupa, msichana mwenye nywele fupi na maneno mengi, akamweleza. Kile kilikuwa kiti cha mteja. Mkurugenzi ndiye aliyeleta utaratibu huo: kikao chochote lazima mteja awepo. Wanaingia wanamsalimia, na mtu akitoa wazo lazima akitazame kiti na kumweleza mwenyewe, siyo kumweleza bosi. Na mteja wao ana jina. Wanamwita Dada Jasho.

Kimbau alipenda. Alipenda kiasi kwamba alihamia kiti cha jirani akakipigapiga kile cha mteja kwenye egemeo, kama mtu anayemtuliza shoga yake, akasema wamsimulie habari za Dada Jasho, kwa kuwa yeye ni mgeni na amekuja kusikiliza.

Walisimulia kwa kupokezana, wanakatizana, wanasahihishana, kama ndugu wanaoeleza habari za dada yao aliye mbali. Dada Jasho anafanya kazi ofisini. Mkobani mwake kuna blauzi ya pili, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Akikumbatia mtu anamkumbatia kwa ubavu. Dukani hachukui kitu rafu ya juu, anasubiri mtu apite amwombe. Akipewa mkono na mgeni, kiwiko hakitoki mbavuni.

Mwanzoni Kimbau alicheka nao, tena kwa faraja. Alifikiri, kumbe tuko wengi. Mkoba wake mwenyewe ulikuwa miguuni, na ndani yake mlikuwa na blauzi ya pili.

"Mwambie ya sweta," Mwanamauzo alisema. Alikuwa mwanamume mchangamfu mwenye tai fupi. "Ya sweta ndiyo yenyewe."

"Ya sweta huwa inaniliza," alisema Msanifu. Kisha akasimulia hivyohivyo. Dada Jasho alipokuwa msichana wa shule, wenzake wa bweni walichoka na kikwapa chake. Siku moja walilitoa sweta lake nje kwa ncha ya ufagio, wakalilaza kwenye ubao, wakalifanyia mazishi. Mmoja alihubiri, wengine wakalia kilio cha uongo, wakalichimbia kishimo nyuma ya mabafu wakalifukia. "Na unajua yeye alifanya nini, Meneja? Alikwenda mazishini. Akasimama nao akaimba, ili wasijue kwamba anaumia."

Mazishi yale Kimbau alikuwa amemsimulia mtu mmoja tu chini ya jua.

Akauliza, kwa sauti aliyoishangaa kwa jinsi ilivyotulia, ni nani aliyempata huyu mwanamke. Wakamjibu kuwa ni mtafiti wa nje, kijana mpole, mrefu, anayekusikiliza mpaka unasahau ulichotaka kuficha. Alitumwa kwa wanawake wengi, lakini huyu mmoja ndiye aliyewabeba wenzake wote. Harufu ya dawa, ukubwa wa chupa, hata kifuniko kisichopiga kelele kikifunguliwa chooni, vyote vimetoka kwake.

"Na uhondo bado," alisema Mwanamauzo, akisugua viganja. "Mwaka huu Dada Jasho anaolewa."

"Anaolewa?"

"Ndiyo. Mtafiti ametuahidi awamu ya pili. Bibi harusi, usiku wa kwanza, hofu zake zote. Halafu mimba, jasho la mimba. Halafu mtoto, yale maziwa yanayochachia kifuani. Kila hatua na chupa yake. Sisi tunasubiri tu aolewe."

"Na mume wake ni nani?" Kimbau aliuliza.

"Mume? Huyo hatujaelezwa sana," Mkemia alijibu. "Mtafiti anasema ni mtu mzuri tu. Ana subira."

Mkurugenzi akafunga mjadala kwa kusema kwamba awamu ya pili inasubiri neno la Meneja mpya. Atakayeibeba bidhaa ni yeye, kwa hiyo aseme ndiyo au hapana Jumatatu, na akisema hapana aje na sababu, kwa sababu kila mtu hapa anampenda Dada Jasho.

Kimbau aliomba radhi akatoka. Chooni alitapika mpaka machozi yakamtoka, kisha akavua blauzi, akajisugua kwapa kwa sabuni ya kunawia mikono, akasuuza, akajisugua tena mpaka ngozi ikawaka. Haikuwa harufu yake iliyomtia kinyaa. Alikuwa akiona vichwa sita vimemzunguka, pua sita zimeinama, na mtu aliyempenda anawashikia mkono wake juu ili wanuse vizuri.

Halafu akarudi kikaoni, akakaa kando ya kile kiti, akamaliza ajenda zilizobaki. Alikuwa kwenye majaribio.

Nyumbani alimkuta shangazi yake kwenye cherehani, anapindia mapazia mapya kwa ajili ya wageni wa Jumamosi. Alimweleza yote akiwa amesimama, mkoba bado begani. Shangazi aliondoa mguu kwenye kanyagio, akavua miwani, akamsikiliza mpaka mwisho, na alipofungua kinywa Kimbau alitamani asingefungua.

"Yaani unataka kumwacha mwanamume kwa sababu ya kwapa?"

Kimbau alisema siyo kwapa. Shangazi alisema yeye amesikia kwapa. Akaendelea kumpangia waume wa shoga zake mmoja mmoja, mlevi, mpigaji, mwenye nyumba tatu, asiyerudi, ili Kimbau aone jinsi huyu wake alivyo na kosa dogo la kuropoka kazini. Wanaume wanaropoka. Tena huyu hakutaja jina. Kama hakutaja jina, nani atajua ni yeye?

"Mimi najua, shangazi."

"Na wewe ukikaa kimya, nani mwingine?"

Hapo ndipo penyewe, na Kimbau alijua. Ili aivunje ndoa mbele ya wazee ingempasa atoe sababu. Ili aikatae awamu ya pili kazini ingempasa atoe sababu. Na sababu ilikuwa ileile moja, jambo ambalo amelibana mbavuni tangu usichana. Angekaa kimya angebaki na mume, na kazi, na heshima yake. Angebaki pia na kile kiti, kila wiki, maisha yake yote yakiletwa mezani kwa hatua.

Shangazi alirudisha miwani machoni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hakumlea hadi akarefuka vile ili amwone anazeeka peke yake, na kwamba kama ni lazima wagombane, wagombane kabla wazee hawajafika, wamalize, wafute uso.

Mtafiti alikuja Jumamosi mchana, kabla ya wazazi wake. Alikuwa amevaa shati la rangi ya bahari ambalo Kimbau alimchagulia mwenyewe, na mlango ulipofunguka moyo wa Kimbau uliruka kama kawaida yake. Hilo lilimchukiza kuliko yote. Alidhani kinyaa kikija mapenzi yanatoka kwa mlango wa nyuma. Kumbe vinaweza kukaa chumba kimoja.

Mtafiti aliinama kumbusu shingoni, mahali pake alipopapenda. Kimbau akarudi nyuma mpaka akagonga kabati la vyombo.

"Usinisogelee."

"Kuna nini, mpenzi?"

"Nimekaa na Dada Jasho kikao kizima."

Mtafiti hakuuliza Dada Jasho ndiye nani. Alikaa polepole kwenye kochi, akapitisha mkono usoni, na maneno yake ya kwanza yakawa haya: "Nilikuambia usiichukue kazi ile."

"Ulisema ni kwa sababu ya kikohozi."

"Nilitaka kukukinga."

"Na nini? Na mimi mwenyewe?"

Mtafiti alijaribu kueleza, na tusimnyime haki yake, alieleza vizuri. Alisema wanawake walimfungia milango. Ukimwuliza mwanamke habari za kwapa lake anakuambia halinuki, anakuaga. Alizunguka mitaa mpaka soli zikalika, na kila jibu alilopata lilikuwa la kumfukuza. Ofisi yake ilikuwa inamtazama. Mtu mmoja tu duniani alikuwa amemwambia ukweli.

"Na sikutaja jina lako," alimalizia. "Hata siku moja."

"Bora ungelitaja jina ukaacha mengine. Jina langu kila mtu analijua."

Sebule ilikuwa na joto, na mapazia mapya yalikuwa yananuka kitambaa kipya cha dukani. Kimbau alihisi jasho likimteremka ubavuni na kwa mara ya kwanza hakujali kama linaonekana.

"Nataka unijibu kitu kimoja. Siku uliyoniuliza kwa nini nakumbatia watu kwa ubavu. Nilikuwa nimelaza kichwa mapajani kwako, hapohapo ulipokaa. Ukaniuliza, nikakuambia ya sweta. Siku ile, kazi yao ulikuwa umeshapewa au bado?"

"Nilikuwa nakupenda."

"Sijauliza hilo."

Mtafiti alitazama mikono yake. "Nilikuwa nimeshapewa."

"Na ulivyokuwa unaninusa shingo, unasema unaipenda harufu yangu?"

"Ilikuwa kweli. Kimbau, nisikilize. Yote yalikuwa kweli. Ndiyo maana yalifaa."

Aliyasema kwa unyenyekevu, macho yamemlegea, kama mtu anayetoa utetezi wake mzuri kuliko wote. Kimbau alimtazama akaona jinsi asivyojua alichosema. Alizikumbuka zile jioni zote za kochi, kichwa chake kikipapaswa, neno likimtoka, machozi yakifutwa kwa kidole gumba, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kidole kile kilikuwa kinafuta au kinapima. Hangejua kamwe. Huo ndio uchafu wenyewe, kwamba hata mazuri yalikuwa yamelowa na hakuna namna ya kuyatenga.

"Kwa hiyo ulikuwa unioe kwa awamu," alisema. "Bibi harusi, halafu mimba, halafu maziwa."

"Lile ni pendekezo tu. Nitalifuta. Nitawaambia amebadilisha mawazo, ameahirisha harusi."

"Usiwaambie lolote. Jumatatu nitawaambia mimi. Nitasema hapana kwa awamu ya pili."

"Watakuuliza sababu."

"Mteja amekataa."

"Watakuuliza mteja gani." Aliinua uso, na sauti yake ikawa laini kabisa. "Hutaweza kuwaambia. Nakujua, mpenzi. Utafika mlangoni utageuka. Kwa nini ujitese? Na niambie ukweli, nani mwingine atakayekaa akusikilize kama nilivyokusikiliza mimi?"

Swali hilo lilimpata penye kidonda. Alibaki amesimama na kabati mgongoni. Nje gari lilizimwa, milango ikafungwa, na shangazi akapita koridoni mbiombio akikohoa kuwaonya.

Wazee waliingia watatu: baba yake Mtafiti, baba yake mkubwa ambaye ndiye msemaji, na mama yake, mwanamke mdogo wa umbo, mcheshi, aliyechekea kila kitu tangu mlangoni, mapazia, urefu wa Kimbau, viatu vya mumewe, na kila akicheka alivuta ncha ya mtandio akaziba mdomo. Walisalimiana, wakaulizana habari za afya na za safari. Baba Mkubwa alikohoa akaanza maneno ya utangulizi, marefu, yenye mapambo, kuhusu vijana wawili waliopendana na wazee wanaofurahi kuziunga nyumba mbili.

Kimbau aliomba radhi, akaomba aseme.

Shangazi alimtazama kwa macho ya kumsihi. Baba Mkubwa alimruhusu, akidhani binti anataka kushukuru.

"Nawaheshimu sana wazee wangu. Lakini ndoa haitakuwepo."

Baba Mkubwa, kwa adabu ya mtu aliyezoea mikasa, aliuliza kama kuna sababu, kwani wao wamekuja kwa heri na wasingependa kuondoka na dukuduku. Kimbau aligeuza macho kwa Mtafiti. Alikuwa amekaa ameegemea, mikono magotini, ametulia. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa na uhakika kwamba hatasema. Aliijua aibu ya Kimbau kuliko mtu yeyote, aliipima mwenyewe, na sasa alikuwa ameikalia kama mto.

Basi Kimbau akasema. Alisema kwamba tangu usichana anatoka jasho jingi na lilikuwa linanuka. Alisema ya blauzi ya pili. Alisema ya sweta, na jinsi alivyosimama akaimba, na jinsi alivyomwambia kijana wao tu, kichwa kikiwa mapajani mwake, na jinsi alivyoyakuta yote mezani kwa wageni, yamewekewa kiti na mto, pamoja na usiku wake wa harusi ambao bado haujafika. Sauti ilimtetemeka mara moja, kwenye kuimba, kisha ikanyooka. Baba yake Mtafiti alikuwa anatazama kapeti. Baba Mkubwa alikuwa ameshika kofia yake kama mtu aliyeingia mahali pasipo pake. Shangazi alikuwa amefumba macho.

Mama yake Mtafiti ndiye aliyetangulia kusema. Kicheko kilikuwa kimemkauka.

"Lile tangazo la dawa ya meno," alisema taratibu, akimtazama mwanawe. "La kwenye televisheni. La bibi anayeziba mdomo akicheka, na wajukuu wanamwambia bibi ondoa mkono."

"Mama, siyo mahali pake hapa."

"Nimelitazama mwaka mzima. Nikawa nasema, masikini, kumbe tuko wawili." Mtandio ulikuwa umemponyoka, na meno yake yalionekana, ya mbele mawili yamevunjika, yamekuwa ya kahawia. "Ulinikalisha jikoni ukaniuliza ni nani aliyenivunja meno, na kwa nini naficha. Sikuwahi kumwambia mtu. Baba yako huyu hapa, naye hajui. Nilikuambia wewe, nikalala nimefurahi. Nilidhani mwanangu ameanza kuniona."

Mtafiti alifungua mdomo. Hakuna aliyemsubiri amalize. Baba yake alisimama, akamshika mkono juu ya kiwiko, siyo kwa nguvu, akamtoa nje kama unavyomtoa mtu anayeumwa. Baba Mkubwa akawafuata, akisahau kuaga. Kimbau alilitazama lile shati la rangi ya bahari likipotea mlangoni na alilia, kwa kuwa alikuwa bado anampenda, na alilia kwa kukasirika kwamba bado anampenda.

Mama alibaki. Alihamia kochi la Kimbau, akakaa karibu kabisa, bega kwa bega, na hakujitenga na jasho wala na machozi. Shangazi alileta maji, akaweka bilauri mbili, akasita kama anayetaka kuomba msamaha, kisha akarudi jikoni.

"Hiyo dawa ya meno," Mama aliuliza baada ya muda, "ni ya kampuni yenu?"

"Ni yetu, mama. Wanaoishughulikia wako chumba cha pili kutoka kwangu."

Kimbau alipangusa uso. Alimweleza kwamba yeye ni mgeni kule na sauti yake bado ndogo, na tena Jumatatu ana la kwake la kusema. Lakini kama Mama angeridhia, angewaeleza wenzake kuwa bibi wa tangazo ni mtu, yuko hai, na hakuulizwa. Wakijua ni nani hasa, angeweza kupigania tangazo liondolewe.

"Ungependa niwaambie?"

Mama alifikiri. Alivuta mtandio, akautazama, akauacha ukaanguka tena.

"Hapana, mwanangu. Usiseme chochote kunihusu."

"Sitasema, mama."

Huyo alikuwa mteja wa kwanza ambaye Kimbau alimwuliza swali tangu aanze kazi, na jibu lake hakulipeleka popote.